Kura Haiwekwi Akiba

Jumapili ya Januari 21, 2024, simu zililia majumbani mwa maelfu ya watu wa New Hampshire, Marekani. Aliyepokea alisikia sauti ya Rais Joe Biden ikimsihi asiende kupiga kura katika uchaguzi wa awali wa Jumanne, bali aihifadhi kura yake hadi Novemba. Haikuwa sauti ya Biden. Iliundwa kwa kompyuta, kwa agizo la mshauri mmoja wa kampeni.

Wengi walishughulishwa na ile sauti bandia, nayo kwa hakika yatisha. Lakini sumu yenyewe ilikuwamo katika neno "hifadhi". Akiba haiozi, wasema wazee. Ila kura haina ghala. Ni mfano wa maji ya bamvua: asiyekisukuma chombo chake maji yakiwa yamejaa hawezi kudai kwamba ameyaweka. Aliyepiga kura Januari hakupunguziwa ya Novemba, wala aliyeiacha hakuongezewa. Mdanganyifu hakumtisha mtu. Alimpambia uzembe kwa vazi la busara.

Je, aliyebaki nyumbani kwa hiari yake amedhulumiwa? Wako watakaolishikilia neno hiari. Basi mwenye shamba akiliuza kwa bei ya kutupa kwa kuwa dalali amemwongopea kwamba minazi imeingia mdudu, ridhaa yake ni ipi?

Simu hizo zilijifanya kusema na wafuasi wa chama cha Democratic. Lakini uongo wa aina hii humdhuru zaidi mpiga kura asiye na chama, ambaye New Hampshire humruhusu kuchagua karatasi ya chama kimoja kati ya viwili. Mwanachama akipotoshwa, chama chake kina sababu ya kumfuata na kumsahihisha. Huyu hana wa kumbishia hodi, na asipokwenda huhesabiwa kuwa mvivu tu.

Mshauri yule alijitetea kwamba alitaka kuwazindua watu wajue hatari ya sauti za kuundwa. Mwaka 2024 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilimtoza faini ya dola milioni 6. Juni 2025 raia waliosikiliza kesi yake ya jinai walimwona hana hatia. Sheria imesema yake. Hata hivyo, waliopokea simu hawakuulizwa kama wako radhi kufanywa somo la wenzao, tena siku mbili tu kabla ya kura.