Mume Wangu, Weka Fimbo Chini

Kaa hapa mkekani, mume wangu, na simu iweke pembeni. Leo siku ya nne niko kwako. Nilijiapiza nitakula, nitalala, nitarudi zangu Muheza bila kusema neno, maana haya nimeshamwambia baba yako, na kabla yake babu yako, na mdomo umechoka. Lakini jana usiku ulipotoka na tochi na fimbo kumfuata bundi aliyetua ukutani, nikajiuliza: ninyamaze mpaka lini?

Unaogopa atakuletea msiba. Hata mimi nililelewa hivyo. Mwaka nilioolewa, babu yako alimpiga mmoja kwa jiwe akafa, na aliyemshikia kibatari ni mimi. Msimu ule panya waliyaingilia mahindi ya darini mpaka tukawa tunapepeta pumba na mavi yao. Msiba haukuja, ila njaa tuliijua.

Leo alfajiri nimepita chini ya ukuta wako nikaokota kitu cheusi kama tonge lililokauka. Nimekipasua kwa kijiti mbele ya mwanao. Ndani mna manyoya, vifupa vyembamba kama sindano, na mafuvu ya panya yenye meno yake ya rangi ya chungwa. Mtoto kayahesabu: matatu. Bundi humeza panya mzima, kisha hukitapika kile ambacho tumbo halikuweza kusaga. Huyo unamfukuza, halafu unakwenda dukani kununua sumu ya panya! Na sumu ile haiui palepale. Panya anayumbayumba uani siku mbili tatu, bundi anamdaka, naye anakwenda. Paka wa jirani hivyohivyo.

Haya, tuje kwenye bustani, kama naweza kuiita bustani. Uwanja wote umeumwagia zege, umebakiza kipande cha mikeka miwili. Kinatosha, sikulaumu. Nakulaumu kwa kupanda mchicha mwezi wa nne, masika imepamba moto, mvua ikazipiga mbegu zikaishia mtaroni. Nyanya nazo zikaliwa na ukungu, ukasema udongo wa Chanika mbaya. Udongo hauna kosa. Sasa ni mwezi wa sita, kusi inavuma, chini bado kuna unyevu na jua halijawa kali. Huu ndio wakati wetu wa mboga, sisi watu wa pwani. Wakati wa mvua tuta hunyanyuliwa, maji yakimbie. Mvua zikiisha unalilaza, unalichimba kidogo kama sahani, maji yakae. Kisha tandaza nyasi kavu juu yake, utamwagilia kidogo kuliko unavyomwagilia leo. Mbolea ya kuku usiimwage mbichi, itakuunguzia miche. Irundike, iachwe ioze mpaka ile harufu iishe.

Mchicha baada ya wiki tatu nne unachuma. Matembele ndiyo mboga ya mtu mvivu, na wewe sikufichi. Kata marando ya urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, fukia nusu, basi. Ukipata marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, utakula majani juu na vitamini A chini.

Na yule kinyonga mliyempigia kelele juzi hadi majirani wakatoka, anakula nzi na panzi. Mwacheni apite, ana safari ndefu kuliko yenu. Chura naye mwacheni. Ila yale matairi nyuma ya choo yatoke leo, si kesho. Mbu wa dengi hutaga humohumo, kwenye maji yaliyotuama, na kwa siku saba au kumi kiluwiluwi ameshaota mbawa. Dengi ya 2014 na ile ya 2019 ziliupitia mji huu huu, nawe unajua nani alilala kitandani wiki nzima akilia viungo.

Kuna jambo la jikoni, nalo nalisema polepole kwa sababu mke mwenzangu amejifungia chumbani na sitaki adhani namsema. Kliniki wamemwambia damu ndogo. Vidonge alivyopewa avimeze, sibishani na wauguzi. Lakini hayo matembele anayachemsha, anayakamua, maji anayamwaga, halafu anakula makapi na kushushia chai ya rangi. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Aiache mpaka saa moja au mbili baada ya kula. Mboga azioshe kwanza ndipo azikate, azipike kwa maji kidogo, mafuta kijiko, na mezani akamulie ndimu, maana ndimu huyavuta yale madini. Kisamvu peke yake ndicho kisichotaka haraka: kitwangwe, kichemke sana bila kufunikwa, sumu yake itoke na mvuke. Nazi baadaye.

Machungwa niliyokuja nayo kwenye kiroba mmeyakamua mkayatia sukari. Sukari! Machungwa ya Muheza! Hapo nilitoka nje nikakaa barazani peke yangu, nikahesabu bati za jirani.

Nimechoka, mume wangu. Kesho kutwa napanda basi. Vidukari vikiingia kwenye mchicha, twanga majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, uchuje unyunyize jioni, kabla hujakimbilia chupa za dukani. Na ukilazimika kuzinunua, soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma, wewe si umesoma?

Fimbo yako usiitafute. Kuna mche wa nyanya umejiotea wenyewe pale kwenye mkondo wa maji ya kuogea, ulikuwa umelala chini. Nimeusimamisha nayo, nimeufunga kwa kipande cha kanga yangu.