Nani Yumo Ndani ya Kifaru?

Ndugu msomaji, nina deni nataka kulilipa kwenye kurasa hizi. Mwaka juzi niliandika hadithi fupi ya vita. Mimi mlio wa silaha niliowahi kuusikia ni wa gobore la wawindaji tu, lakini hadithi yangu ilijaa makombora mwanzo hadi mwisho. Kilele chake kilikuwa kifaru. Kifaru kinapanda kilima, kinavunja ukuta wa nyumba waliyojificha adui, kinatokea upande wa pili bendera ikipepea juu. Nilipowasomea washkaji maskani kwetu, Mpanda mjini, walipiga makofi. Mmoja akasema, "Kaka, hii bomba!" Nikavimba kichwa.

Msimu huohuo wa mvua nikaenda Mwamkulu kumsaidia baba mkubwa kulima mpunga. Wanaokujua kule wanajua udongo wake: mvua ikishika, majaruba yanageuka uji mzito. Trekta la kukodi lilikuja asubuhi kwa mbwembwe, saa nne likazama hadi kwenye ekseli. Tukachimba, tukaweka magogo, tukasukuma, wapi! Mwishowe lilivutwa na maksai wa jirani. Baba mkubwa alisimama kwenye tuta akicheka peke yake. Nikamuuliza kinachomchekesha. Akasema, "Nimekumbuka vifaru, mwanangu. Navyo hivyohivyo. Barabarani ni simba, kwenye tope ni ng'ombe mgonjwa."

Baba mkubwa alikuwa mgambo. Mwaka 1978 alipanda treni ya Mpanda kwenda Tabora, kutoka hapo hadi ziwani, kutoka ziwani hadi vitani. Habari hizo hazisemi ovyo. Basi jioni ile nikaona nimepata mlango, nikamsomea hadithi yangu kwa mwanga wa kibatari. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza:

"Mwanangu, hiyo nyumba ilikuwa ya nani?"

"Ya adui, baba mkubwa."

"Adui alikwenda vitani na nyumba yake?"

Nikakosa jibu. Yeye akaenda kulala. Swali lile likanikwama kooni kama mwiba wa samaki, na insha hii ni jaribio la kuutoa.

Tuanze na kifaru chenyewe. Kwa mara ya kwanza mashine hii iliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 kule Somme, Ufaransa. Waingereza walikuwa wametenga vifaru 49, lakini 32 tu ndivyo vilivyofika mahali pa kuanzia; vingine viliharibika au kukwama njiani. Ili kuficha siri, walikuwa wakidai eti wanatengeneza matangi ya maji, na jina hilo la tangi ndilo wanalolitumia mpaka leo. Sisi hatukuita tangi. Tuliiona ile ngozi nene, uzito ule, pembe ile iliyotangulia mbele, tukaita kifaru. Nani wa kwanza kuita hivyo sijui, ila alikuwa mshairi.

Lakini angalia lugha yetu ilichofanya baada ya hapo. Kifaru wa porini anakula majani, anaona, anakimbia. Kifaru cha vitani kinakunywa dizeli, kinapiga, kinavunja. Yule ni "a", hiki ni "ki". Mtoto wa darasa la pili hawezi kukosea hapo, maana Kiswahili kinajua chenye uhai na kisicho na uhai. Sawa kabisa kisarufi. Shida ni kwamba ndani ya hicho kisicho na uhai wamekaa watu watatu au wanne wenye uhai: dereva, mpiga mzinga, mpakiaji, kamanda. Ninapoandika "kifaru kilivunja nyumba", hao wote wametoweka. Hakuna aliyevunja. Imevunjika kwa chuma.

Hapo ndipo swali langu lilipo: chuma kinachomkinga mtu asipigwe, je, kinamkinga pia asilaumiwe?

Kabla ya kujibu, tumtendee haki aliyemo ndani. Wengi tunadhani mle ndani ni salama kama ghala la benki. Si kweli. Mle kuna joto, kelele na harufu ya mafuta, na dunia nzima inaonekana kupitia upenyo mwembamba. Kifaru peke yake mjini ni kipofu aliyezungukwa na wezi. Usiku wa kuamkia mwaka 1995 jeshi la Urusi liliingiza vifaru katika mitaa ya Grozny bila askari wa miguu wa kutosha. Wapiganaji wa Chechnya waliokaa kwenye vyumba vya chini na juu maghorofani walivichoma kimoja kimoja, na wengi waliokuwamo waliteketea. Deraya isiyo na macho ni jeneza.

Na vita vyetu vya Kagera vilifundisha somo hilohilo kwa njia ya tope. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua na kupora ng'ambo ile ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Jeshi letu lilikuwa na vifaru, vingi vya kutoka China, na vilifanya kazi yake. Lakini sehemu kubwa ya njia kutoka Kagera hadi Kampala ililiwa na miguu ya watu. Tarehe 10 Machi 1979, hapo Lukaya, barabara ikipita katikati ya vinamasi, Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, ilikutana na kikosi cha Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wana vifaru aina ya T-55 na maroketi ya Katyusha. Brigedi ikavurugika, watu wakarudi nyuma. Kilichogeuza mambo ni Brigedi ya 208, iliyozunguka usiku na kushambulia kwa nyuma alfajiri ya tarehe 11. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Baba mkubwa alikuwa miongoni mwa waliovurugika. Anasema Katyusha zilipoanza kulia aliingia kwenye maji ya kinamasi hadi kidevuni, na hakujua tena wapi ni mbele wapi ni nyuma. Kitu chochote ambacho kingetikisika kwenye matete angekipiga. "Ningekuwa nimempiga mwenzangu au mvuvi, nisingejua," anasema. Mtu wa namna hiyo, ndugu msomaji, mimi siwezi kumhukumu. Hofu ni udhuru mzito. Anayepigana akiwa na shati tu mwilini hana hata sekunde moja ya kuuliza, "Wewe ni nani?"

Sasa fikirini nami taratibu. Ukimvika mtu huyohuyo deraya, umempa nini? Umempa zile sekunde alizokosa kwenye matete. Risasi ya bunduki haimfikii. Anaweza kungoja kidogo. Kwa hiyo udhuru wa hofu, ingawa haujaisha, umepungua. Mwenye ngao anadaiwa subira zaidi kuliko asiye na ngao. Si kwamba ni mtu mwema zaidi, bali kusubiri kunamgharimu kidogo zaidi. Wahenga wangesema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wewe umepewa nguvu, basi uchukue na mzigo wake.

Lakini, atasema mpinzani, umesema mwenyewe kwamba haoni! Ndiyo. Kwa hiyo ana udhuru wa pili, wa upofu. Je, udhuru huo unasimama? Hapa narudi kwa kifaru yule wa porini. Kuna ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu anayetembea juu ya mgongo wa kifaru akila kupe. Kiswahili kinamwita askari wa kifaru. Kifaru macho yake ni mafupi, ila ndege huyo akimwona mtu anakuja hupiga kelele, na kifaru hushtuka. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walithibitisha kwamba vifaru weusi wenye ndege hao hugundua mapema zaidi mtu anayewakaribia. Jina lilikuwa limeshasema zamani.

Kifaru cha chuma nacho kina askari wake: ni wale wa miguu wanaotembea ubavuni, wanaoona kama kwenye ule ukuta kuna mtoto au kuna mzinga. Asiyeona ana wajibu wa kumsikiliza anayeona. Akikataa kumsikiliza, upofu wake si bahati mbaya tena, ni uamuzi. Mlevi aliyeshika usukani hasemi "sikuona" tukamwelewa.

Niliyasema haya maskani. Jamaa mmoja akanirukia: "Acha falsafa, mzee. Vita ni vita. Amin ndiye aliyeanza. Asiyetaka nyumba ivunjwe asianze ngoma." Hoja hii ina nguvu, nisiifiche. Sababu ya vita ile ilikuwa ya haki. Watu wetu waliuawa Kagera, na nchi isiyolinda watu wake haina kazi. Lakini tuitazame Masaka. Mji ule ulichukuliwa Februari 1979, ukapigwa mizinga, kisha majengo mengi yakalipuliwa kwa baruti kulipiza kisasi cha Kagera. Wameandika hayo Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na jeshi letu. Mbarara nako vivyo hivyo. Habari za uharibifu zilipomfikia Mwalimu, aliagiza yasirudiwe. Kwa nini aagize hivyo, kama vita ni vita? Ni kwa sababu alijua mwenye duka wa Masaka hakuvamia Kagera. Wengi wao walikuwa wamemchoka Amin kuliko sisi. Haki ya kuanza safari haihalalishi kila kitu unachokanyaga njiani. Mtu akiniibia mbuzi ninayo haki ya kumfuata. Sina haki ya kuchoma kijiji alichokimbilia.

Na sisi wa Mpanda tusijifanye haya ni ya mbali. Katumba na Mishamo tumeishi na watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Waulize wazee wao kama walipokimbia walisimama kuuliza jeshi lile lina sababu gani. Anayekimbia hujua jambo moja tu: yule mwenye silaha hakutaka kuniona kuwa mtu.

Siku hizi wanasema zama za kifaru zimekwisha. Katika vita vya Ukraine vilivyopamba moto Februari 2022 tumeona vifaru vya mamilioni ya dola vikichomwa na droni ndogo za dola mia chache, mpaka askari wakaanza kuchomelea vyuma juu ya vifaru kama banda la kuku. Sijui kama zama zake zimekwisha. Bado majeshi yananunua. Ninachokiona mimi ni kwamba swali la baba mkubwa limezidi makali. Askari wa kwenye matete alikuwa na udhuru wa hofu. Wa ndani ya kifaru hofu yake ilipungua, akabaki na udhuru wa upofu. Anayerusha droni amekaa kilomita kadhaa nyuma, na kwenye kioo anamwona anayempiga, mara nyingine mpaka uso. Amekaa mbali na risasi, na anaona. Udhuru umebaki upi? Hata hivyo sisi tunaandika "droni imepiga". Hapo napo hakuna mtu.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, sisemi tusiandike vita. Nasema tusivipe chuma kazi ya watu. Kila "kilivunja" ninayoiandika najiuliza nani alivunja, nani aliamuru, nani aliona akanyamaza. Pengine jibu litakuwa la kumsifu huyo mtu. Pengine ni mpiga mzinga aliyengoja sekunde tatu, mama akapita. Huyo naye tunamwibia sifa yake tukisema kifaru kilingoja.

Mwezi uliopita nilirudi Mwamkulu na hadithi niliyoiandika upya. Kifaru bado kipo, na kilima kipo. Ila sasa nyumba ina mwenyewe: mama mmoja aliyeacha sufuria jikoni. Na ndani ya kifaru dereva ana jina. Nilimsomea baba mkubwa. Alisikiliza hadi mwisho, kama mara ya kwanza, akanyamaza muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza.

"Huyo dereva," akasema, "baadaye aliishije?"

Hilo nalo sijalijibu. Naendelea kuandika.