Ufunguo Kwanza au Tabia Njema Kwanza?

Katika mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon nchini Marekani, mtu aliyekutwa amelala bustanini na blanketi aliweza kutozwa faini ya dola 295. Asipolipa, deni lilipanda hadi dola 537.60. Blanketi ndilo lililomponza, kwa kuwa sheria za mji zilihesabu matandiko kuwa dalili ya kupiga kambi. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba adhabu hizo hazivunji katiba. Vipi asiye na hela ya chumba apate hela ya faini, hilo halikuwa swali la majaji.

Mwanafalsafa Jeremy Waldron alikwishaligusa jambo hili mwaka 1991, katika makala yake kuhusu ukosefu wa makazi na uhuru. Hoja yake inaanza na jambo ambalo hata mtoto analijua: kila tendo lina mahali pake. Kulala, kuoga, kwenda haja, yote hufanyika mahali fulani. Ikiwa kila nyumba ina mwenyewe, na kulala kwenye bustani na vituo vya basi kumepigwa marufuku, basi kuna watu ambao hawana ruhusa ya kulala popote pale duniani. Hapo suala linaacha kuwa la huruma. Limekuwa la uhuru, tena uhuru wa kufanya yale ambayo mwili haumpi mtu hiari ya kuyaacha.

Wengi wataitikia hadi hapo. Ugomvi huanza pale linapoulizwa swali la nani anastahili. Bweni kuu la wasio na nyumba pale Grants Pass lilikuwa la misheni ya Kikristo, na aliyetaka kitanda alipaswa kuacha sigara na kuhudhuria ibada. Uingereza nayo, katika sheria ya mwaka 1977 iliyozibebesha halmashauri wajibu wa kuwapatia watu makazi, iliweka kipengele cha kuchunguza kama mwombaji amejikosesha nyumba kwa makusudi. Kwa hiyo ofisa wa halmashauri hukaa na faili mezani akipima: kodi hii haikulipwa kwa uzembe au kwa dhiki? Ni kazi ya kadhi, na aliyepewa ni karani.

Finland ilipita njia hiyohiyo kwa miaka mingi. Mtu alipandishwa kama kwenye ngazi: bweni, kisha hosteli, kisha chumba cha majaribio, na nyumba yake mwenyewe ikija mwishoni, akishathibitisha kwamba ameacha pombe. Akiteleza, anarudi chini. Mwaka 2007 kikundi cha watu wanne, askofu na daktari wakiwemo, kilitoa ripoti iliyoitwa "Jina Mlangoni". Katika majengo ya ghorofa ya huko, jina la mpangaji huandikwa kwenye mlango wake; bwenini hakuna mlango wa kuandika. Mwaka uliofuata serikali na miji mikubwa wakaanza kuigeuza ngazi ile: mkataba wa upangaji kwanza, matibabu baadaye, tena kwa anayeyataka.

Huko Helsinki, bweni la Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu, lililokuwa na vitanda zaidi ya 200, lilifanyiwa ukarabati likawa nyumba 81 zenye jiko na bafu. Wafanyakazi wapo palepale, na mpangaji analipa kodi, mara nyingi kwa posho ya serikali. Shirika la Y-Säätiö lilikuwa likinunua nyumba mojamoja katika majengo ya kawaida tangu miaka ya 1980, kwa ruzuku zilizotokana na faida ya mashine za kamari. Anayesubiri fedha takatifu ndipo aanze kujenga atangoja sana.

Kuna pingamizi lisilofaa kupuuzwa. Mfanyakazi anayeamka alfajiri na kulipa kodi yake kila mwezi ana haki ya kuuliza kwa nini mlevi apewe ufunguo. Lakini swali lake linachukulia kwamba tabia hujengeka hewani. Kutunza miadi ya kliniki, kuhifadhi dawa, kuoga kabla ya usaili wa kazi: haya yote yanahitaji mlango unaofungika. Kumdai mtu ayatimize akiwa barabarani ni kumdai matunda kabla ya shamba.

Hata hivyo hoja nzuri haijengi nyumba. Helsinki iliweza kwa sababu jiji linamiliki takriban asilimia 70 ya ardhi yake na makumi ya maelfu ya nyumba za kupangisha. Idadi ya wasio na makazi nchini Finland ilishuka kutoka takriban 18,000 mwaka 1987 hadi 3,429 mwaka 2023. Mwaka 2024 ikapanda hadi 3,806, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Hakuna aliyedai kwamba Wafini walikuwa wameharibika tabia ghafla. Mwaka huohuo serikali kuu ilikuwa imepunguza posho ya kodi ya nyumba.