Wanaopanda na Wanaoshuka

Karagwe watu husubiri vuli kwa ajili ya maharage, na baadaye senene. Jirani yangu mmoja pale Kituntu aliisubiri kwa ajili ya kambare.

Mvua kubwa za mwanzo zikishapiga, maji ya mafunjo hufurika mpaka kwenye nyasi za malisho. Usiku huo kambare hutoka kilindini kwenda kutaga kwenye maji yasiyofika goti. Tope haliwazuii. Kambare anavuta hewa kama sisi, na penye maji haba hujisukuma kwa miiba ya mapezi huku akijinyonganyonga. Mayai hunata kwenye majani, na baada ya siku moja au mbili yameanguliwa. Wazazi hawalindi chochote. Si kama kamongo dume, ambaye ukisogelea tundu lake utaondoka na kidole pungufu.

Baba wa jirani yangu alimwonya: "Mwanangu, wanaopanda waache. Tega wanaposhuka."

"Baba, anayeshuka amekonda," akajibu, tukacheka.

Mwaka wa kwanza aliziba mkondo kwa matete, akaacha mlango mmoja, akatega mgono hapo. Kabla jogoo hajawika alikuwa na ndoo nne. Mkewe alipopasua jike la kwanza, mayai yalitiririka kwenye sinia, madogo kama ulezi, yenye ukijani, yakajaza bakuli zima. Jike la kilo mbili hubeba makumi ya maelfu. Yakakaangwa na vitunguu, yakaliwa na ndizi. Nami nilikula, tena nikaongezewa.

Mwaka wa pili aliyafunika matete kwa chandarua, hata wadogo wasipite. Samaki wakaenda mnadani Omurushaka, nyumba ikapata bati. Mwaka wa tatu ilikuwa ndoo moja na nusu. Akawalaumu watu wa ng'ambo ya bonde, kisha mvua, kisha jicho la jirani (nadhani alinikusudia mimi). Mvua ilikuwa nzuri. Migomba yote ilishuhudia.

Mwaka wa nne tulishuka pamoja. Maji yalikuwa palepale kwenye nyasi, vyura wakipiga kelele hata hatukusikizana. Tukamulika tochi huku na huko tukisubiri ule mchapo wa mikia ambao zamani uliwaamsha mbwa. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Mzee naye alikuja, akakaa kwenye kichuguu na koti lake, hakusema neno.

Alfajiri mgono ukainuliwa. Mlikuwa na kambare mmoja, urefu wa mkono toka kiwikoni, tumbo limetuna. Jirani yangu alimshika kwa mikono miwili, muda mrefu, huku samaki akifungua na kufumba kinywa.

"Mrudishe akatage," nikamwambia.

"Akatage na nani?" akaniuliza.