Neno la Muuza Miche

Ndugu msomaji, mvinje unaouona ufukweni wapo wanaouita msonobari, na kwa mbali hufanana kweli. Lakini hebu vuta uzi wake mmoja: utaachana pingili kwa pingili. Sindano ya msonobari haina pingili. Tena haikai peke yake. Hutoka mbili, tatu au tano pamoja katika ala moja, na ukizibana hufanya kijiti cha mviringo.

Nakushughulisha na haya kwa kuwa huenda una jamaa Kahama au Geita. Huko mashimo ya wachimbaji wadogo yanataka matimba, nyumba zinataka mbao, na Chato liko shamba la miti la serikali, Silayo. Jamaa yako akitaka naye kupanda, ataonyeshwa miche na kuambiwa, "Hii ni misonobari." Ni kweli. Lakini ni ipi? Patula, ambao asili yake ni Meksiko, hupenda baridi ya nyanda za juu kama Sao Hill, Mufindi. Karibea, wa Amerika ya Kati na visiwa vya huko, huvumilia joto. Akipewa usiofaa, atatambua baada ya miaka, na wa kumdai hayupo.

Utasema, si ahesabu sindano? Eliotii hutoa mbili na tatu katika mti mmoja, huo utaujua. Lakini patula na karibea kwa kawaida wote ni tatu tatu. Hapo yapasa kutazama zaidi, kwani za patula ni nyembamba na huning'inia kama nywele, za karibea ni ngumu. Na zito kuliko yote ni hili: mche mchanga huanza na sindano moja moja, bila mafungu. Saa ya kulipa, hapana cha kuhesabu. Ajuaye ni yule aliyechuma mbegu.

Basi muuzaji aliyesema "misonobari" akanyamaza, je, amedanganya? Wako watakaomtetea kwamba hakuulizwa. Mimi siukubali utetezi huo. Ili mtu aulize, sharti ajue kwanza kwamba liko la kuuliza, na mnunuzi huyu hajui. Dhahabu ya Geita hainunuliwi kwa mng'aro. Hupimwa, na wote wawili wakiona. Mche hauna mizani ila neno la mwenye kuuuza, na akilikata nusu amepunja.

Amwambie mbegu imetoka mti gani na shamba gani, ijapokuwa biashara itavunjika. Na ikiwa mwenyewe hajui, aseme hajui, na bei iwe ya miche isiyojulikana.