Utazoea Tu

Kiswahili hakina neno moja la ule uwezo wa mtu kuishi vema hali inapogeuka. Tunasema kuzoea, kubadilika, kuendana na mazingira, kujirekebisha, na kwa kuwa tunayatumia maneno haya kwa kupokezana, tumezichanganya na maana zake. Mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na maji huambiwa, "Utazoea tu." Bi harusi anayelia ukweni huambiwa vivyo hivyo. Lakini kuzoea ni kuacha kuumia, na jambo lenyewe likabaki palepale. Kubadilika nako hakumhitaji mtendaji: maziwa hubadilika yakiganda, chuma hubadilika kikishika kutu. Neno linalodai akili na nia ni kujirekebisha, kwa kile kiambishi "ji" kinachomrudishia mtu kazi yake mwenyewe. Nashikilia kwamba uwezo huu hustahili sifa pale tu penye "ji" hiyo, na kwamba hauwezekani bila kuwepo kitu ambacho mtu amekataa katakata kukigeuza.

Ushahidi upo Nkoma, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, na kote katika nchi ya Bariadi. Wasukuma wana ngitili: mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, nyasi zikaachwa zikue na miti ichipue, mpaka kiangazi kikishakaza ndipo ifunguliwe, kwanza kwa ndama, ng'ombe wa kulimia na wale walio dhaifu. Jikoni akili ni hiyohiyo. Viazi vitamu vya msimu humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi juani viwe michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kukaushwa, huitwa matobolwa. Hifadhi hii humfikisha mtu kwenye miezi ambayo shamba halina kitu. Tazama ngitili kwa karibu: mchungaji anaswaga mifugo yenye njaa kando ya nyasi za kijani zinazofika magotini, na haingizi hata mmoja. Anayefuata hali ya leo angeingiza. Ngitili humtaka mtu aikatalie hali ya leo ili aweze kuimudu ya kesho, na hapo ndipo ninapoona kosa la wanaodhani uwezo huu ni ulaini wa kupinda kila unaposukumwa.

Historia inaongeza jambo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya nyingi zikawa mbali na ngitili zao, na ngitili nyingi zikafa kwa kukosa wa kuzilinda. Mwaka 1986, eneo hili likiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012), mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza, na baada ya muda ukaujenga uhifadhi juu ya desturi hii ya wenyeji. Mradi ulipoanza, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Watu walewale walioonekana wameshindwa walifaulu waliporudishiwa kauli juu ya ardhi yao, pamoja na dagashida, baraza la kimila linalomtoza faini anayevunja mpaka.

Atakayepinga atasema huku ni kuipamba tabia ya bendera kufuata upepo, na mwenye imani hatakiwi kugeuka na nyakati. Namjibu kwa Yusuf, ambaye Biblia na Qurani zote zinasimulia jinsi alivyoweka akiba ya nafaka kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Katika kitabu cha Mwanzo alipewa jina la Kimisri, akavikwa kitani, akaoa hukohuko, na akasema na ndugu zake mwenyewe kwa mkalimani. Mtu angeapa amepotea. Lakini alipokaribia kufa aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapoondoka Misri. Alibadili vazi na jina. Mungu wake hakumbadili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Mkulima wa Itilima anahimizwa ahimili mabadiliko ya tabianchi, ilhali moshi ulioyaleta haukutoka jikoni kwake. Na kuhimili, kwa asili yake, ni kubeba mzigo. Ni kweli kwamba wenye nguvu hupenda kuwasifia wanyonge uvumilivu. Ila hilo linakushitaki kule kuzoea, wala haliigusi ngitili. Mtu hawezi kujirekebisha juu ya ardhi asiyokuwa na kauli nayo, kwa hiyo anayemhimiza mwenzake abadilike ana deni la kwanza la kumwachia, au kumrudishia, uamuzi. Asipolilipa, anachodai ni utii. Basi msomaji, ulimi ukitaka kumwambia yule mwalimu kwamba atazoea, muulize kwanza mwenyekiti wa kijiji kisima kitachimbwa lini.