Mtu na Namba Yake

Je, mtu aliyeandikwa ili atozwe kodi ameandikwa kweli? Swali hili twalileta kwa walimu wenzetu kwa sababu sehemu ya jibu lake imo katika msamiati tunaoufundisha.

Huko Scotland, tangu sensa ya mwaka 1841, kibarua wa shambani alitajwa kwa jina pamoja na mkewe na wanawe. Kuanzia 1851 kila mmoja aliandikiwa pia mahali alipozaliwa. Msomaji akiona mtoto wa kwanza amezaliwa parokia hii, wa pili parokia nyingine, wa tatu nyingine tena, hutambua jinsi baba alivyohamahama akitafuta bwana wa kumwajiri. Maskini yule huenda hakuacha hata barua moja, lakini nyumba yake yaonekana.

Sasa tuitazame pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Ibo hadi Palma. Hadi mwaka 1929 nchi hiyo ilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni iliyopewa na Wareno haki ya kutoza kodi na kutumikisha watu. Kilichohesabiwa ni kibanda. Waliomo ndani, bibi mzee au mtoto anyonyaye, hawakumhusu mtoza kodi. Asiyekuwa na fedha alitiwa shokoa. Wengi wakavuka mto Ruvuma kuingia Tanganyika, na baadhi yao wakaishia katika mashamba ya mkonge.

Huko nako walipokewa kwa karatasi. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo: cheti cha mfanyakazi wa kutwa, kisha jina la cheti likamwangukia mwenye cheti. Kipande ni kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyotimizwa. Lakini manamba ndilo neno zito kuliko yote, maana aliyeandikishwa kwa mkataba alijulikana kwa namba yake, na hapo hata karatasi imetoweka. Imebaki namba, nayo imetiwa kiambishi cha wingi. Nasi twalitamka darasani bila kusita!

Wako wasemao kwamba tusiwatafute wazee wetu katika madaftari hayo, kwani walikimbia ili wasiandikwe, na kuwatafuta humo ni kuwarudisha mikononi mwa mtoza kodi. Hoja hii hatuidharau. Kutokuwamo daftarini kulikuwa tendo lao wenyewe, na pengine hawakupata kutenda jingine kwa hiari kama hilo. Hata hivyo hatukubali kwamba kosa ni la maandishi. Watu wa Palma waliokimbia mashambulizi ya Machi 2021, wengi wao bila hati yoyote, walihitaji kuandikwa upya: jina, wazazi, mahali pa kuzaliwa. Alichokikwepa babu ndicho alichokiomba mjukuu. Tofauti iko kwa yule aulizaye, na kama aulizwaye aweza kumwambia, "Hapo umekosea."

Kwa hiyo twaona kutafuta ni halali, mradi mtafutaji asiridhike na hesabu aliyoikuta. Mwalimu atakapofika kwenye neno manamba, na awaulize wanafunzi: mtu huyu aliacha mke kijiji gani, upande upi wa Ruvuma, na ni nani aliyelima shamba lake mwaka ule?